Kiti cha gari cha mtoto ndani ya ndege

Dada, uliuliza kama kiti cha gari cha mwanao kinaruhusiwa ndani ya ndege za Marekani. Kinaruhusiwa, mradi umkatie tiketi yake. Kweli, aliye chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa, lakini ndege ikiyumba vibaya mikono ya mama haimwezi. Nakusihi, mkatie. Geuza kiti utafute kibandiko chenye maandishi mekundu yanayosema kimeidhinishwa kwa magari na ndege. Bila hayo wanaweza kukukatalia mlangoni. Pima na upana. Kikizidi sentimita 41 hivi huenda kisiingie. Mtakaa dirishani, msizibe njia. Wangu alilia mpaka nilipogundua kifungo cha mkanda wa ndege kinamchoma mgongoni. Nikakikunjia kitambaa cha kanga, akalala.