Kwani wadudu wameisha Kakamega?

SWALI: Daktari, habari. Nilimaliza digrii ya zuolojia na sasa naona maprofesa wa Kanada na Finland wanatafuta wanafunzi wa masta wa kusoma wadudu wa misitu ya huko kaskazini, nani anakula nani. Mjomba ananiuliza kwani wadudu wameisha Kakamega mpaka niwafuate kwenye theluji? Nimjibu nini? – Msomaji, Shinyalu

JIBU: Mjomba ana hoja, maana hapo kwenu wadudu ni wengi kuliko huko, lakini shida iko hapo hapo. Ukitega ule mtego wa hema wa Malaise hapo msituni utajaza chupa na wadudu ambao wengi hata majina hawajapewa, sasa utachoraje nani anakula nani na hujui nani ni nani? Huko miti ni aina chache na wadudu wamechunguzwa miaka mingi, Sweden ilianza kuwatega nchi nzima 2003, kwa hivyo unaweza kufuata stori mpaka mwisho.

Chukua kiwavi wa Kanada anaitwa Choristoneura fumiferana, kila miaka kama 30 hadi 40 hivi wanafumuka wanamaliza majani ya msitu mkubwa ajabu. Alafu kuna nyigu wadogo wanataga mayai ndani yake, funza wao wanamla akiwa hai, na kuna nyigu wengine tena wanawavamia hao nyigu! Utafiti wa New Brunswick uliotoka 2007 ulionyesha viwavi wakiongezeka, aina za maadui nazo zinaongezeka ngazi kwa ngazi. Kazi yenyewe ni kufuga viwavi ukingoja kuona nani atatoka ndani, si ya mtu wa kinyaa.

Mjomba kama analima mahindi mwambie hivi: 1993 icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliachilia Kenya kanyigu ka kutoka Asia, Cotesia flavipes, kawinde kiwavi wa kutoboa mabua ambaye pia alitoka Asia. Ni elimu hiyo hiyo.

Sasa imeili. Usitume CV tupu kwa maprofesa ishirini, soma makala za mmoja umuulize swali la maana, kwa sababu Kanada masta ya utafiti mara nyingi posho inatoka kwa pesa ya mradi wake, fomu za chuo ni baadaye. Na uulize mapema kama kuna bajeti ya kupima DNA ili kutambua aina za nyigu, la sivyo msimu wote wa baridi utakuwa kwa darubini unakagua mishipa ya mabawa ya nyigu, mmoja mmoja.