Muulize Injinia: Bimu Imelala, Niongeze Chuma?

*SWALI: Salaam injinia. Nina stoo Changamwe, hapa Mombasa, ndani tuliweka ghorofa ya nusu ya kuwekea mizigo. Bimu moja ya chuma, ile ya umbo la I, imelala katikati kama sentimita mbili. Fundi wa weldi ataka kubandika pleti, bapa la chuma, chini yake mzigo ukiwa palepale juu, ati kushusha ni kupoteza siku. Na zile bolti za pale bimu inaposhikana na nguzo anasema atazipigia weldi pia ziwe na nguvu maradufu. Nimwache? – Mwenye Stoo, Changamwe*

Bwana Mwenye Stoo, usimwache kwanza. Fundi wako pengine mkono wake mzuri tu lakini hapo kuna mambo manne hajayafikiria.

La kwanza, pleti ukiibandika bimu ikiwa imeshabeba, ile pleti inakaa bure. Tuseme juu mna tani nne, hizo nne zishabebwa na chuma cha zamani, pleti haizijui, itaanza kusaidia ile tani ya tano ukiiongeza kesho na hapo pia wanagawana. Ni kweli bimu ikizidiwa kabisa mzigo utahamia kwenye pleti, ila mpaka ufike huko hiyo sentimita mbili ya kulala itakuwa imeshaongezeka si haba. Kwa hiyo shusha magunia, na kama hayashuki yote weka propu za skrubu, zile nguzo za muda, na jeki, inyanyue bimu pole pole mpaka ikaribie kunyooka, weldi, acha ipoe vizuri, halafu ndio uachie jeki. Ukiachia, pleti inavutika na kuanza kazi hapo hapo.

Halafu kuna moto wenyewe. Chuma cha kawaida kikifika digrii 600 za Selsiasi hakibaki na hata nusu ya nguvu yake, na pale roodi ya weldi inapopita moto unazidi hapo sana. Flanji ya chini, ule ubapa wa chini wa ile I, ndiyo inayovutwa, sasa mtu akipiga mstari wa weldi kuikata kwa upana huku juu kuna tani nne, wallahi anakata tawi alilokalia. Weldi iende kwa urefu wa bimu, vipande vifupi vifupi, apige huku kidogo ahamie kule apige kidogo, na propu zilizoshika bimu zisitolewe mpaka amalize.

Na kabla ya yote hayo, hebu simama mwisho wa bimu uitazame kwa urefu wake kama mtu anayepima mbao. Imelala chini tu ama pia imejikunja upande? Manake ikiwa flanji ya juu haijashikwa na kitu, mbao zimelazwa tu juu bila kufungwa, basi bimu yaweza kuwa inajipinda ubavu, na hapo pleti ya chini hata uweke ya inchi nzima haitakusaidia. Dawa yake ni kuishika ile flanji ya juu kwa vyuma vya kukatiza. Bei yake ni ndogo kuliko pleti, na mafundi wengi hawaisemi kwa sababu haina weldi nyingi.

Sasa bolti. Hii ya kuchanganya bolti na weldi kwenye kiungo kimoja naiona sana viwandani huku na kila mara mtu aniambia ni kuongeza nguvu. Hapana. Bolti ya M20, yaani ya unene wa milimita 20, kwa kawaida inakaa kwenye tundu la milimita 22, kwa hivyo lazima iteleze kidogo ndio iguse ukingo wa tundu ianze kubeba. Weldi haitelezi, ni ngumu, inabeba yote peke yake huku bolti zikiwa zimelala, na weldi ikikatika ndio bolti zinaamka zote kwa ghafla. Piga hesabu ya weldi kana kwamba bolti hazipo, ama ziache bolti ubadilishe ziwe za gredi (daraja la nguvu) 8.8 badala ya 4.6, ambayo kwa unene uleule ni mara mbili ya nguvu. Hapo pia angalia pleti inayoshikwa ni nene kiasi gani na tundu liko mbali kiasi gani na ukingo, kwa sababu bolti ngumu kwenye pleti nyembamba inairarua pleti.

Na viungo ndio vinavyoua watu, si bimu. Mwaka 1981 kule Kansas City, Marekani, madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yalianguka watu 114 wakafa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo moja ndefu ya chuma kutoka darini iliyopita daraja la juu ikashika la chini, wakabadilisha wakafanya fimbo mbili fupi, la chini likaning'inizwa kwenye la juu. Inaonekana kitu kidogo ee? Lakini nati ya daraja la juu ilijikuta inabeba madaraja mawili badala ya moja. Kwa hiyo fundi akikwambia "tubadilishe hapa kidogo, ni ileile", mwambie achore kwanza mzigo unapita wapi.

*SWALI: Shikamoo injinia. Nyumba ya marehemu mume wangu Kisauni, ghorofa moja juu, kolamu za chini zimepasuka kwa urefu na ndani chuma chekundu. Fundi atazivalisha zege jipya halafu wanangu wataka kuongeza ghorofa nyingine ya kupangisha. – Mama Wawili*

Marahaba mamangu. Ufa unaofuata urefu wa nondo karibu kila mara ni kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo ndio inasukuma zege nje. Huku kwetu chumvi iko hewani, na nyumba nyingi zilikorogwa na mchanga wa pwani ama maji ya kisima ya chumvi. Kupiga plasta juu ni kuificha tu.

Kuvalisha kunafaa, lakini zege bovu lichongwe mpaka nyuma ya nondo vidole vipate kupita, chuma kisuguliwe king'are, nondo iliyoliwa sana ioanishwe na mpya, zege la zamani liparuzwe. Na nondo mpya zisiishie chini ya slabu! Zishuke mpaka ndani ya msingi, zitoboe slabu ziendelee juu, na zege limwagwe kutokea matundu ya slabu lijae mpaka juu kabisa. Ukiacha nafasi hata ya kidole pale juu mzigo hauna pa kuingilia, kolamu imevaa kanzu tu.

Ghorofa ya pili, wanao waambie wasubiri. Hatujui msingi ulichimbwa vipi. Tafuta injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Mainjinia ya Kenya aje achimbe pembeni aone, na kibali cha kaunti kitoke kabla mtu hajashika nyundo.

*SWALI: Boriti za Mji wa Kale zimeoza pale zinapoingia ukutani, katikati ziko nzima. Nizitoe zote? – Kijana wa Mji wa Kale*

La. Ipe propu chini, kata pale palipooza mpaka ufike mti mzima unaolia ukiugonga, kisha unganisha na kipande cha boriti kipya kwa pleti mbili za ubavuni na bolti za kupita, na washa (kile kiduara cha chini ya nati) kubwa, chuma cha pua ukiweza maana iliyopakwa zinki haikai miaka mingi karibu na bahari. Ncha mpya isizibwe kwa simiti, iachie hewa, na ukuta wa matumbawe uurudishie chokaa. Uende pia ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, ile ya Makumbusho ya Taifa, kabla hujatoa hata boriti moja.