Maswali ya Wasomaji: Jaketi la Rubani Aliyeangukia Baharini

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu jaketi la kuokolea maisha wanalovaa marubani wa kijeshi na wenzao ndani ya ndege. Tumechagua saba.

SWALI: Nimesoma kwamba marubani wa Vita Kuu ya Pili waliliita jaketi lao "Mae West". Jina hilo lilitoka wapi, na jaketi lenyewe lilikuwaje? – Mpenzi wa historia

JIBU: Mae West alikuwa mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyesifika kwa kifua kilichojaa. Jaketi likishapulizwa hutuna kifuani, na jina likapatikana hapo hapo.

Vita vilipoanza, marubani wa Uingereza walivaa jaketi la muundo wa 1932. Kilikuwa kizibao cha kitambaa chenye kibofu cha mpira ndani yake, pamoja na vijimto vya sufi. Hii ni sufi ya msufi, ile ile inayojazwa kwenye mito ya kulalia. Iliteuliwa kwa sababu kila unyuzi wake ni mrija mtupu uliojaa hewa, na juu yake una nta inayokataa maji. Adui zake ni wawili: kukandamizwa na mafuta. Sufi iliyokaliwa na kulaliwa miezi mingi huvunjika na kupoteza hewa yake. Ikilowa mafuta ya ndege, nta haifui dafu tena na maji hupenya.

Kibofu nacho kilipulizwa kwa mdomo, na hiyo ndiyo kasoro iliyogharimu maisha. Mtu ameungua mikono, yumo kwenye maji baridi kati ya Uingereza na Ufaransa, pumzi inamkatika na mawimbi yanampiga usoni, halafu anatakiwa atafute mrija na kuanza kupuliza! Isitoshe, jaketi lenyewe lilikuwa na rangi iliyofifia, isiyoonekana baharini. Mwaka 1940 marubani wengi walichukua rangi ya njano na kujipakia wenyewe. Muundo wa 1941 ukaja na unjano tangu kiwandani, pamoja na mtungi mdogo wa gesi unaofunguliwa kwa kusukuma wenzo. Wamarekani, kwenye jaketi lao la B-4, waliweka vibofu viwili, kila kimoja na mtungi wake, ili kimoja kikitoboka kingine kibaki.

Gesi nayo ilileta hatari yake. Mikanda ya parachuti ikiwa imekazwa juu ya jaketi, kibofu kinachojaa ghafla hakina pa kwenda isipokuwa ndani, kwenye mbavu za mvaaji. Ndiyo maana wavaaji walifundishwa kulegeza mikanda kwanza, ndipo wafungue gesi.

SWALI: Jaketi linamsaidiaje rubani aliyepoteza fahamu? Si atageuka kifudifudi na kuzama uso? – Mwalimu wa kuogelea

JIBU: Atageuka, kama jaketi halikutengenezwa kwa ajili yake. Kuelea na kuelea chali ni mambo mawili tofauti kabisa, na aliyelithibitisha hilo kwa mwili wake mwenyewe ni daktari Edgar Pask wa maabara ya fiziolojia ya jeshi la anga la Uingereza, Farnborough. Wakati wa vita alikubali kupewa dawa ya usingizi hadi misuli yote ikalegea, akawekwa mrija kooni wa kupumulia, kisha akatumbukizwa kwenye bwawa akiwa amevaa majaketi ya aina mbalimbali. Mtu aliye macho hawezi kufanya jaribio hilo, kwani hata akijilegeza vipi, shingo yake hujitetea bila yeye kujua. Majaribio yakaonyesha kwamba mtu anaweza kuelea vizuri huku pua yake imo majini.

Hewa inatakiwa ikae juu kifuani na nyuma ya shingo, na mgongoni isiwepo kabisa. Hewa ya kifuani huunyanyua upande wa mbele, uzito wa miguu na kiuno huvuta chini, na mwili unajipindua wenyewe hadi uso utazame mbingu. Kola ya nyuma ya shingo huzuia kichwa kisianguke kando. Kinachoharibu hesabu hii mara nyingi ni nguo. Suti ya kuzuia maji iliyobaki na hewa miguuni huinua miguu, na jaketi linashindwa kumpindua mvaaji. Ukishaivaa suti hiyo, chuchumaa, vuta kola ya shingoni kidogo ili hewa itoke, kisha uifunge. Kwa sababu hiyo hiyo, viwango vya kimataifa vya ISO 12402 vinataja jaketi lenye nguvu ya kuinua ya nyutoni 150 kwa baharini, na la nyutoni 275 kwa aliyevaa nguo nzito.

SWALI: Nasomea ufundi wa vifaa vya usalama wa ndege. Kwa nini mtungi ujazwe kaboni dayoksaidi na siyo hewa ya kawaida? Na ukaguzi wake unafanywaje? – Mwanafunzi

JIBU: Kwa sababu kaboni dayoksaidi hugeuka kimiminika ikibanwa kwenye joto la kawaida, hivyo gesi nyingi huingia kwenye kichupa kinachotosha kiganjani. Fanya hesabu. Gramu 44 za gesi hii hujaza takriban lita 24 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mtungi wa gramu 33 basi hutoa kama lita 18, na kila lita inasukuma nje kilo moja na ushei ya maji ya bahari. Zinatosha kuinua kichwa na mabega ya mtu mzima.

Baridi huipunguza nguvu. Kwenye nyuzi 20 kanieneo ndani ya mtungi ni zaidi ya mara 55 ya kanieneo ya hewa. Kwenye nyuzi sifuri hushuka hadi kama mara 34. Jaketi litajaa, lakini polepole, na litakuwa laini zaidi. Tena kaboni dayoksaidi hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa. Mtu aliyekaa majini saa kadhaa ataona jaketi linalegea bila tundu lolote. Mrija wa mdomo umebakizwa kwenye majaketi ya kisasa kwa ajili hiyo: kuongezea hewa.

Katika ukaguzi, anza na mtungi. Uchomoe kwenye jaketi, uuweke kwenye mizani, ulinganishe na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Ukipungua kuliko kitabu cha matengenezo kinavyoruhusu, hautumiki. Usiamini macho, maana mtungi mtupu na uliojaa vinafanana kama pacha. Tazama kifuniko chake chembamba: kikiwa na tundu, hata dogo kama la sindano, umeshatumika. Angalia pia sindano ya kutoboa kifuniko hicho kama ina kutu na kama inarudi mahali pake. Kosa linalojirudia ni fundi kufyatua kwa majaribio, kisha kurudishia mtungi ule ule mtupu.

Kibofu kijaze kwa pampu yenye hewa kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa unyevu wa pumzi huleta ukungu na harufu, na baadaye hula gundi ya viungo. Kiache usiku kucha. Kikilegea, paka maji ya sabuni kwenye mishono na kwenye vali, utaona povu.

Kisha inakuja hatua inayodharauliwa: kuitoa hewa yote. Kwenye mita 5,500 kanieneo ya hewa ni nusu ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyosahaulika ndani ya kibofu hutanuka mara mbili. Chumba cha rubani kikipoteza hewa ghafla, jaketi litavimba chini ya mikanda. Likunje kwa mistari ile ile ya kitabu, na hakikisha kishikio cha kuvutia kimetokeza nje. Kishikio kilichofungiwa ndani ya zipu ni sawa na kisichokuwepo.

SWALI: Nasikia majaketi ya marubani wa ndege za kivita hujijaza yenyewe yakigusa maji, lakini ya helikopta ni lazima uvute. Si yangekuwa yote ya kujijaza? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Hapana, na sababu yake ni ya kuua. Rubani aliyerushwa na kiti chake hufika majini akiwa nje ya ndege, pengine amezirai au amevunjika mkono. Kifyatuzi chenye kihisio cha maji kinamfanyia kazi asiyoiweza. Helikopta nayo ina injini na rafadha juu, hivyo ikiangukia maji hupinduka upesi, miguu juu. Aliye ndani yuko kwenye chumba kinachojaa maji, na mlango wa kutokea uko chini ya kiwango cha kichwa chake. Jaketi likijaa wakati huo litambandika juu kama puto kwenye dari. Hawezi kupiga mbizi kuufikia mlango.

Kanuni ni hii: shika sehemu isiyosogea karibu na mlango, subiri mtikisiko uishe, fungua mkanda, jivute nje, na ukishatoka ndipo uvute kishikio. Wengi hubeba pia kichupa kidogo cha hewa iliyobanwa, cha kupumulia dakika chache wakitafuta njia.

Abiria wa ndege kubwa nao yanawahusu. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliangukia maji karibu na Ngazija, na abiria kadhaa waliokuwa wamejaza majaketi yao ndani walinaswa humo.

SWALI: Rubani akiwa bado ananing'inia kwenye parachuti juu ya bahari, afanye nini kwanza? – Kijana anayeota urubani

JIBU: Jaketi kwanza, angali hewani, kwa sababu majini mikono inaweza isimtii. Pili anaiachia pakiti iliyokuwa chini ya kiti chake. Hushuka kwa kamba, na boti la mpira lililomo hujaa likining'inia chini yake. Tatu anavua barakoa ya oksijeni, isije ikamvutia maji badala ya hewa. Nne anazitafuta bizimu za parachuti kwa vidole na kuweka mikono tayari, bila kuzifungua.

Bahari tulivu haina mti wala nyumba ya kupimia umbali, hivyo macho hudanganya: mtu anadhani miguu iko karibu kugusa, kumbe bado yuko juu sana. Anazifungua bizimu miguu ikishaingia majini, na mara moja, kwa kuwa parachuti lililoshika upepo litamburuta. Kwenye viti vingi vya leo kuna kifaa kinachoachia bizimu chenyewe kikionja maji ya chumvi, lakini mafunzo bado ni kufungua kwa mkono.

SWALI: Mifukoni mwa jaketi kuna nini, na kipi kitumike kwanza? – Baharia mstaafu

JIBU: Kwa kawaida kuna redio ya dharura, kioo cha ishara, fataki za ishara, pakiti ya rangi ya majini, filimbi, taa na kisu cha kukatia kamba. Kila kimoja kimefungwa kwa uzi kwenye jaketi, na uzi huo usikatwe kamwe. Kwenye maji baridi kuna kanuni ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo vidole bado vina kazi, na kama saa 1 kabla ya baridi kumzimisha mtu. Kazi zote za vidole zifanyike ndani ya zile 10. Mambo mawili hutangulia: kupanda boti, na kuwasha redio.

Redio za zamani zilitumia megahezi 243, mawimbi ya dharura ya kijeshi, ambayo ni mara mbili kamili ya 121.5 ya ndege za kiraia. Setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kutafuta na kuokoa, ziliacha kusikiliza mawimbi hayo mawili tarehe 1 Februari 2009. Sasa zinasikiliza megahezi 406, huku 121.5 ikibaki kwa kumwongoza mwokoaji aliyekwisha kukaribia. Antena isimame wima juu ya maji. Ukiielekeza kwenye ndege kama unayenyoosha kidole, unaielekezea upande wake ulio dhaifu.

Kioo ndicho tunachokipenda kuliko vyote, maana hakina betri wala hakiishi. Kisogeze karibu na jicho. Nyoosha mkono wa pili, panua vidole viwili, na uiweke ndege katikati ya vidole hivyo. Geuza kioo taratibu hadi doa la mwanga lianguke kwenye vidole, kisha kitikise kidogo sana. Hata kama huoni ndege, pitisha mwanga kwenye upeo wa macho kila baada ya muda.

Fataki ngoja hadi uione ndege au uisikie. Ile ya ncha mbili hutoa moshi wa rangi ya chungwa upande mmoja na moto mwekundu upande wa pili, kila upande kama sekunde 20 tu. Ishike nje ya boti, upande upepo unakoelekea, kwa sababu matone ya moto hutoboa mpira. Rangi ya majini, ile ya kijani ing'aayo, nayo ni ya kungojea. Huonekana vizuri kutoka juu, lakini mawimbi huisambaza mapema.

SWALI: Je, dawa ya kufukuzia papa ilifanya kazi? – Mvuvi

JIBU: Haikutegemeka. Wamarekani waliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa asetati ya shaba na rangi nyeusi iitwayo nigrosini, na faida yake kubwa ikawa kumpa moyo aliyeko majini. Papa wenye njaa hawakuijali. Panda boti, ingiza miguu yote ndani, na jeraha lolote lifungwe humo humo, damu isidondokee majini.