Jibu: OpenSearch inazima nikibadilisha network.host

Mkuu, unasema OpenSearch (programu ya kutafutia data) inazima ukibadilisha network.host, yaani anwani inayopokelea maombi, kuwa 0.0.0.0 (ipokee kwenye anwani zote za seva). Kwanza jiulize kama unaihitaji hiyo 0.0.0.0. Kama tovuti yako iko kwenye seva hiyohiyo, rudisha 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya seva yenyewe) na tatizo lako limekwisha. Poti 9200 (mlango wa OpenSearch) kuiacha wazi intaneti nzima ni kualika wezi, tena hawakawii kuja.

Kama kweli OpenSearch inapokea maombi ya seva nyingine, sawa. Ukitoka kwenye anwani ya ndani, OpenSearch inahesabu kwamba sasa iko kwenye kazi halisi, si majaribio, inakagua mipangilio ya mfumo na kugoma kuwaka ikikuta kasoro. Umesema umefungua faili la tar (kifurushi kisichorekebisha mipangilio hiyo) mwenyewe, kwa hiyo nadhani logi (kumbukumbu za matukio ya programu) inalalamikia vm.max_map_count, yaani kikomo cha Linux cha sehemu za kumbukumbu za programu moja, kuwa 65530. Inataka angalau 262144:

sudo sysctl -w vm.max_map_count=262144

Andika pia vm.max_map_count=262144 kwenye /etc/sysctl.conf, la sivyo ukiriboti inapotea. Seva ya OpenSearch ikiwa moja tu, ongeza discovery.type: single-node kwenye opensearch.yml (faili la mipangilio yake). Halafu ruhusu kwenye faiawoli IP ya hiyo seva nyingine peke yake.

Kuhusu RAM: Xms na Xmx (kumbukumbu ya Java ya kuanzia na ya juu kabisa) ziwe sawa, zisizidi nusu ya RAM yote. Ikigoma tena, bandika hapa mistari ya mwisho ya logi.