Karura: mteremko wa kwenda ndio mlima wa kurudi

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mbio nilijifunzia Mama Ngina Drive, alfajiri, bahari upande mmoja na mibuyu upande wa pili, kwenye lami isiyo na kilima cha kutisha mtu. Nilipohamia Nairobi nikaingia msitu wa Karura kwa lango la Limuru Road, nilijiona bingwa. Njia inateremka, hewa ya baridi, miguu yajipeleka yenyewe. Mtoni nilifika nacheka. Kurudi, nilitembea nimeshika kiuno, kichomi kimenibana ubavuni, na mama mmoja wa makamo akanipita mbio akasema, "Mlima haukimbii, kijana."

Wenyewe husema mpanda ngazi hushuka. Kwenye njia ya mzunguko, mshuka ngazi ndiye hupanda, tena akiwa amechoka. Ukianzia upande wa Limuru Road, kila hatua unayoiteremkia mtoni utadaiwa wakati wa kurudi. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo nenda kama mtu asiye na haraka, hata ukipitwa na watoto. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, napunguza mwendo. Kwenye mlima mkali nafupisha hatua, na ukizidi natembea. Hakuna anayekuandikia barua ya onyo.

Kama umetoka pwani kuna jambo jingine. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila pumzi inakupa oksijeni kidogo kuliko ile ya nyumbani. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuzoea. Usijilaumu, na usijipime kwa muda uliokuwa ukikimbia Mombasa.

Karura ni msitu mkubwa, zaidi ya hekta 1,000, na njia zake zinafanana. Kwenye makutano kuna vigingi vyenye namba. Piga picha ya ramani langoni, kisha fuata namba, usifuate kumbukumbu. Mimi nilijifanya mjuzi. Nikakata kona kwenye mikaratusi, ambako kila mti ni pacha wa mwenzake, nikatokea upande wa Kiambu Road huku begi langu liko ng'ambo ya pili ya msitu. Nililipa bodaboda kunirudisha, mwenye pikipiki akinitazama nilivyolowa jasho bila kuuliza kitu.

Mvua zikinyesha, udongo mwekundu hushikamana na soli mpaka raba ziwe nzito kama matofali, na mteremko huteleza. Vaa zenye meno. Tazama chini pia kwa ajili ya siafu: ukiona mstari mweusi umekatiza njia, ruka, usisimame hapo kufunga kamba za viatu. Kima hawana shida ilimradi hujashika ndizi. Maji beba kwenye chupa ya kudumu, kwa sababu chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku kwenye misitu ya hifadhi nchini tangu Juni 2020. Na kama unasikiliza muziki, sikio moja liache wazi. Baiskeli zinapita humo humo.

Dada zangu huniuliza kama ni salama. Mimi hukutana na wanawake wengi wanaokimbia peke yao asubuhi, jambo ambalo wakazi wa zamani husema halikufikirika kabla ya uzio wa umeme, wakati Karura ilikuwa jina la kuogopesha. Na ilibaki kidogo usiwepo msitu wenyewe. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Nikifika mahali penye kivuli kizito hupunguza mwendo kidogo, na si kwa uchovu tu. Hata hivyo nenda mchana, na mara ya kwanza nenda na mwenzio.

Yule mama bado hunipita kwenye mlima wa mwisho, karibu kila Jumamosi. Ila siku hizi namwamkia shikamoo, na sauti inatoka.