Dar hadi Mbeya kwa baiskeli: jihadhari na tambarare

Ukimwambia mtu umetoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa baiskeli, swali la kwanza ni lile lile: "Kitonga ulipandaje?" Mlima huo wa kona kali kabla ya Iringa unaupanda taratibu kwa gia nyepesi, na ukichoka unashuka na kuikokota baiskeli. Malori ya Zambia na Congo yenyewe yanapanda kwa mwendo wa miguu. Mimi na utingo wa lori moja tulipiga soga kona kadhaa mfululizo, yeye dirishani, mimi nahema.

Wengi wanavunjikia moyo kwenye vipande ambavyo ramani inaonyesha ni rahisi. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, hakuna mlima wa kutisha, lakini hadi Chalinze kuna joto la unyevu na msururu wa malori usiokatika. Ondoka kabla hakujapambazuka sawasawa, saa tano uwe kivulini, uendelee saa tisa. Nunua kioo cha pembeni cha bodaboda ukifunge upande wa kulia wa usukani. Ukiona lori la nyuma na basi la mbele vitakutana pale pale ulipo, toka kwenye lami mapema. Haki ya njia unayo, ila basi lina tani zake.

Kuhusu baiskeli yenyewe, wanaouliza wanataka kujua ina gia ngapi. Mimi nauliza tairi zake ni saizi gani. Mafundi wa vijijini wana vifaa vya baiskeli za mizigo, zile za Phoenix na ndugu zake, zenye tairi namba 28, na wengi wana pia za namba 26. Baiskeli za mbio zilizokuja na mitumba zina tairi za 700C, na baadhi ya hizo huandikwa 28 ubavuni. Usidanganyike. Rimu ya ile 28 ya zamani ina kipenyo cha milimita 635, ya 700C ni 622, na tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata fundi apige goti. Kama una 700C, beba tairi la akiba kutoka mjini. Kama ndiyo kwanza unatafuta baiskeli, chukua ya namba 26 yenye valvu kama ya pikipiki, maana hiyo utaijaza upepo popote penye kijiwe cha bodaboda. Ongeza viraka, solusheni, spoku za saizi yako na mafuta ya cheni. Siti nayo uizoee wiki kadhaa kabla, na upake mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana. Watu wanaona aibu kulisema hili, kisha wanaendesha wamesimama kuanzia Mikumi.

Tukiitaja Mikumi: barabara kuu inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50. Hapo usijitie ushujaa. Hata kama unaendesha ili kuchangisha pesa za shule, tembo, nyati na simba hawajui hilo. Simamisha gari pale Doma, pakia baiskeli, ushukie Mikumi mjini. Atakayekuambia hujamaliza safari kwa sababu ya kipande hicho, mpe baiskeli apite yeye.

Kutoka Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni ndipo penye uzuri wote wa safari hii. Mto Ruaha Mkuu uko kando, mibuyu imetapakaa milimani, na vitunguu vimepangwa barabarani. Ndipo pia penye joto linalokausha koo dakika chache baada ya kunywa. Maji matupu hayatoshi; jasho linaondoka na chumvi. Nunua pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari, duka la dawa, ni bei ndogo, koroga moja kila mchana kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ukishafika Iringa unajiona bingwa, na kwa haki. Ila mji uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini Ipogolo, kwa hiyo kitanda chako kina mlima wake. Kuanzia hapo hali ya hewa inageuka. Mafinga mwezi wa sita au wa saba ni baridi ya kuuma vidole, na ukielekea Makambako upepo unakupiga ubavuni saa nzima nzima. Barabara imenyooka, misonobari inapita, kasi haipandi. Utaanza kukokotoa nauli ya basi la kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mimi nina sheria: uamuzi wa kuacha safari haufanywi saa kumi jioni. Saa hiyo mwili umeishiwa, na kichwa kinaona kila kitu kibaya. Tafuta gesti, ingiza baiskeli chumbani, oga maji ya moto, kula ugali na maharage mpaka ushibe, ulale. Asubuhi ukiwa na chai na chapati mbili tumboni, kama bado unataka kurudi, rudi, sababu itakuwa ya kweli. Mara nyingi utajikuta unakagua upepo wa tairi. Na usisubiri njaa ndipo ule. Ndizi, mihogo au karanga zikae mfukoni, utafune kila baada ya saa moja. Salamu nazo zinasaidia. Ukimwamkia bibi wa Kihehe "Kamwene" kando ya barabara, maneno anayokurudishia yanakusogeza kilomita kadhaa.

Baada ya Makambako unashuka kuelekea Igawa na Chimala, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali. Bana breki kwa vipindi, zote mbili, usiing'ang'anie moja hadi rimu iungue. Kisha unapanda tena hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya, na sijapata mbinu ya kukipunguza kipande hicho.

Kwa kurudi, patana bei ya baiskeli na konda kabla haijaingia buti, siyo baada. Chomoa gurudumu la mbele, geuza usukani, ufunge gia ya nyuma kwa kitambaa kinene, na uilaze baiskeli upande wa gia ukiangalia juu. Kisha simama hapo hapo hadi waimalize kupakia, kwa sababu gunia la viazi likija baadaye hakuna atakayeuliza kuna nini chini yake.