HDRP haitakubali Quest 2
Ndugu wa Kisumu, umeuliza kwa nini mchezo wako kuhusu mawe ya Kit Mikayi, uliotengenezwa kwa HDRP (mfumo wa kuchora picha za ubora wa juu) ya Unity, programu ya kutengenezea michezo, unapendeza kwenye kompyuta lakini hauwezi kuendeshwa ndani ya miwani ya uhalisia pepe ya Quest 2. Miwani hiyo hutumia Android na kichakataji cha aina ya simu, ambavyo HDRP haikuundiwa, kwa hiyo hamia URP, mfumo mwepesi zaidi wa Unity wa kuchora picha. Matiriali zako (mipangilio ya rangi na mwonekano wa vitu) zitageuka waridi hadi uzibadilishe sheda, yaani programu ndogo zinazochora nyuso za vitu, jambo la kuchosha lakini si la kutisha. Chagua uchoraji wa mbele (forward), unaokokotoa mwanga wakati kitu kinapochorwa, kwa kuwa MSAA, njia ya kulainisha kingo zenye meno, haifanyi kazi katika ule ulioahirishwa (deferred), unaokokotoa mwanga baadaye. Kwa fremu 72 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 14 tu za kuchorwa, kwa hiyo athari ya mng'aro iache, na vivuli vya mawe vikokotolewe mapema, kabla mchezo haujaendeshwa.